Weka Maneno Chini

Kibanda cha Vitafunwa,
Mbele ya Shule ya Wasichana,
Yeongju.

Tarehe 14 Juni

Mpendwa Kaka Gyeong-tae,

Habari za huko mbali? Mgongo wako umetulia? Natumaini baridi imewaachia sasa, maana nilisikia kwamba huko Tampere, Ufini, hata mwezi wa tano mtu anaweza kufungua mlango akakuta theluji imekaa kizingitini kama mdai. Wifi Riikka naye hajambo? Kile kikohozi chake kimeondoka? Mwambie kwenye kifurushi hiki nimemwekea tangawizi ya kukausha. Mama mkwe ameikata kwa mkono wake mwenyewe na ataniuliza kama imenywewa, kwa hiyo wifi akiitupa itabidi mimi niseme uongo.

Sisi huku tu wazima. Do-hyeon bado anaendesha lile lori la matufaha, na akirudi jioni ananukia kama jamu. Da-on wangu ametimiza miaka mitatu. Mdomo haufungi. Anaamrisha nyumba nzima, mpaka bibi yake, na sisi tunatii.

Kaka, najua macho yako yanaruka mistari hii kumtafuta Venla wa Riikka. Nakujua tangu utotoni, ulikuwa unakula nyama kwanza, wali unauacha. Basi leo kula taratibu. Ulisema mwisho wa mwezi huu ukisikia mtoto bado analia, utamkatia tiketi arudi nyumbani likizo ya Julai ikianza, na kwamba hutamlaumu yeye wala mimi. Ukaongeza, kwa ile sauti yako ya kujificha, kwamba pengine ulimleta Korea kwa ajili yako wewe, si kwa ajili yake. Neno hilo lilinikaa kifuani. Barua hii nimeiandika kwa sababu ya tiketi hiyo. Isome mpaka mwisho kabla hujaikata. Simu ningepiga, ila kuta za nyumba yetu ni nyembamba na haya mengine sitaki ayasikie.

Mwanzo wa mambo unaujua. Machi ilipoanza, aliingia shuleni na sare mpya, mrefu kuliko wasichana wote, nywele zake nyeupe kama nyuzi za mahindi. Wiki ya kwanza alirudi na habari nyingi. Wiki ya pili alirudi na habari chache. Baadaye akawa anarudi, anavua viatu, anasema, "Shangazi, nimerudi, asante kwa kunisubiri," anaingia chumbani. Nyumbani na mimi aliongea, na kwa adabu kama msoma habari wa redio. Shuleni, kimya. Mwalimu wake alinipigia simu kunipongeza kwamba mtoto ni mtulivu sana. Nikamshukuru. Nilipokata simu sikuwa na furaha hata kidogo.

Chakula cha mchana alikuwa anakula peke yake. Hakuniambia. Nilijua kwa sababu ya keki. Kila asubuhi nilimwekea kwenye mkoba keki mbili za chokoleti, moja yake, moja ya kumpa mtu. Kila jioni moja ilirudi, imepondeka. Da-on ndiye aliyekuwa anaila, tena kwa furaha, maana kwake yeye upweke wa dada yake ulikuwa na ladha ya chokoleti. Na mara nyingine nililisikia bomba la bafuni linafunguliwa muda mrefu, halafu mtu anatoka nywele kavu. Mama anaelewa maji ya namna hiyo.

Nilijaribu kila kitu nilichokijua. Nilimwambia apite kibandani kwangu baada ya shule, maana wasichana wote wanajazana pale kula tteokbokki, zile keki za mchele za pilipili. Akaanza kupita barabara ya nyuma, ya mtoni. Ndipo na mimi nikaanza kuisubiri hiyo tiketi yako, Kaka. Nilikata tamaa kimyakimya huku nikikoroga sufuria.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita kulikuwa na siku ya mvua kubwa. Wasichana wawili walikwama kibandani. Mmoja ni Ye-rin, binti wa yule mama msusi wa kona ya sokoni, sauti yake inatangulia kabla hajafika. Mwingine ni Yu-dam, rafiki yake, huyo haongei sana ila akiongea anachoma. Wote wawili wako darasa moja na Venla. Kama kawaida waliniita mama mdogo, kama wanavyowaita wauza vitafunwa wote.

"Mama mdogo, ongeza mchuzi, usitubanie," akasema Ye-rin.

Nikaongeza. Akala kidogo, akaweka vijiti.

"Mama mdogo, nikuulize kitu, usikasirike. Yule Venla wako, sisi tulimkosea nini?"

"Kwani vipi?"

"Wiki ya kwanza alikuwa anaongea vizuri tu. Anatuamkia kama anahutubia mkutano. 'Wanafunzi wenzangu waheshimiwa, mmeamkaje.' Tukacheka, lakini si kwa ubaya. Basi mimi mwenyewe nikamfuata, nikamwambia, sisi tuko darasa moja bwana, weka maneno chini. Akaniinamia mpaka hapa, akasema, 'Nimeelewa, naomba radhi.' Toka siku hiyo hajanisemesha."

"Labda kwao ni watu wa maringo," akasema Yu-dam.

"Maringo gani? Anamwinamia mpaka paka wa shule."

"Paka anastahili. Wewe unastahili nini?"

Ye-rin akampiga kofi la begani, lakini niliona hakufurahi. Akaniangalia akasema, "Mimi nilimkaribisha. Hajawahi mtu kunikataa vile, mama mdogo. Kwa adabu."

Kaka, wakati ule sikuona kitu. Niliwapa mishikaki ya samaki ya bure na mwavuli, wakaondoka. Ilikuwa baadaye, ninasugua sufuria, nikayarudia maneno yale mdomoni kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Weka maneno chini. Wewe na mimi tumezaliwa humu, tukiambiwa hivyo tunajua mlango umefunguliwa, kwamba heshima za kigeni zinavuliwa kama viatu na sasa mtu aingie ndani, aongee kama rafiki. Lakini kwa mtu aliyejifunza neno mojamoja kwenye kitabu? Weka, anajua. Maneno, anajua. Chini, anajua. Nikaacha sufuria na povu lake, nikafunga kibanda mapema.

Mezani, wakati wa chakula, nikamwuliza, "Venla mwanangu, Ye-rin alikuambia nini ile wiki ya kwanza?"

Akashusha vijiti vyake. "Aliniambia ninyamaze."

"Kwa maneno gani hasa?"

"Alisema niweke maneno chini. Niliyaweka, Shangazi. Sijayaokota tena."

Nisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Mama mkwe alipaliwa na supu. Da-on naye akaanza kucheka bila kujua anachekea nini, akagonga sahani kwa kijiko. Venla akainuka, uso umewiva kama pilipili, na mimi nikamdaka mkono wa sare kabla hajafika mlangoni. Nikamketisha karibu yangu nikamweleza yote, polepole, na mfano juu ya mfano.

Halafu akauliza, "Kwa hiyo alikuwa anataka tuwe marafiki?"

"Ndiyo."

"Toka Machi?"

"Toka Machi."

Akafunika uso kwa mikono. "Mimi nilidhani nimemwudhi. Yeye akadhani nimemdharau."

"Basi hamdaiani," akasema mama mkwe. "Kula, supu inapoa. Mrefu kama nguzo ya umeme, unakula kama shomoro."

Hapo, Kaka, lazima nikuchokoze kidogo. Mwalimu wake ni nani kama si wewe? Aliniambia ulichomfundisha mezani kwenu jikoni, kwamba ukiwa na shaka inua maneno, hakuna aliyewahi kuchapwa kwa kuinua. Ni kweli, na ulimfundisha vizuri, kila mzee wa mtaa huu anamsifu. Ila ulimfundisha kupanda ngazi, ukasahau kumwonyesha kwamba hata kushuka kunafanyika. Uliwahi kuniambia kwa utani kwamba binti wa mke wako anaongea nawe kama karani wa benki, "Bwana Gyeong-tae" asubuhi, "Bwana Gyeong-tae" jioni. Mimi nilicheka. Wewe hukucheka. Nimelikumbuka hilo sana siku hizi.

Kujua ni kitu kimoja, ulimi ni kitu kingine. Usiku huohuo alitaka kujaribu, akashindwa. Kila akishusha sentensi, mwishoni ile heshima inachungulia kama mkia wa panya chini ya mlango. Akijaribu na mimi, anaona haya, mimi ni shangazi. Akijaribu na mama mkwe, hilo hata mimi nilimkataza. Ndipo nikamwambia, humu ndani kuna mtu mmoja tu ambaye hajawahi kuinua neno kwa yeyote tangu azaliwe. Nenda kajifunze kwake.

Basi ungewaona. Wamekaa sakafuni na vikombe vya plastiki, mmoja mrefu magoti yamegusa kidevu, mwingine mfupi anatoa amri. "Sema nipe," anasema Da-on. "Naomba unipe," anasema Venla. "Siyo! Sema nipe!" Siku kadhaa walikuwa hivyo. Nami nikapika huku nikiona dunia imenyooka.

Nilichosahau ni kwamba mtu hufundisha anachokijua. Yaliyofuata nimeyapata kwa Ye-rin, alikuja kibandani akikimbia, hajavua hata viatu vya ndani vya shule.

"Mama mdogo, huyu mtoto wako atatuua. Leo kaja mpaka kwenye meza yangu. Kasimama, mrefu vile, darasa zima kimya, mimi najua anakuja kunisema. Akasema, 'Venla anataka kucheza na Ye-rin. Ye-rin akikataa, Venla atalia.'"

"Mungu wangu," nikasema.

"Halafu akanipa keki. Akasema, 'Shika. Kula yote. Usiteme.'"

"Na wewe ukafanyaje?"

"Ningefanyaje? Nimekula. Nimesema ndiyo mama. Yu-dam kaanguka na kiti chake. Nikamwuliza Venla nani kakufundisha kuongea hivyo, akasema, Da-on. Nikamwuliza huyo Da-on ana umri gani." Hapo Ye-rin akashindwa kuendelea, akafuta macho kwa tai ya sare. "Halafu na yeye mwenyewe akaelewa, akacheka. Hatukuwahi kumsikia akicheka. Anacheka kama bata, mama mdogo."

Jioni ile mkoba ulirudi bila keki. Da-on aliitafuta mpaka kwenye mfuko wa kalamu, akalia kwa uchungu wa kweli. Mimi nikaingia bafuni, nikafungua bomba, nikalia kidogo na mimi.

Tangu hapo anapita barabara ya mbele. Shuleni wamempa jina, Mtoto Mkubwa. Wanamfundisha maneno ya vijana ambayo hata mimi siyajui, na yeye anawafundisha kuhesabu kwa Kifini, wanahesabu hivyo wakiruka kamba na walimu hawaelewi kitu. Yu-dam anakaa naye wakati wa kujisomea jioni. Hawasemi, wanapeana vikaratasi. Ye-rin alimpeleka kwa mama yake, akamsuka nywele bure, na mama Ye-rin akaniambia hajawahi kushika nywele nyembamba hivyo, ilikuwa kama kusuka moshi.

Jumamosi iliyopita walikuja wote wawili hapa nyumbani kusokota kimbap, wali ndani ya mwani. Wali ulienea mpaka kwenye soksi za Do-hyeon. Katikati ya kazi Ye-rin akauliza, kama wanavyouliza wote, "Kwani we umezaliwa mwaka gani?" Venla akautaja. Kumbe waliposajili shule walimweka darasa la chini yake kwa ajili ya lugha, kwa hiyo ni mkubwa wao kwa mwaka mzima. Ye-rin akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Akakaa wima, akafuta mikono, akainamisha kichwa.

"Dada Venla," akasema, "naomba unisogezee figili, tafadhali."

"Usithubutu," akasema Venla.

"Lakini dada ni mkubwa, mimi nitakuwaje…"

"Nimehangaika toka Machi kuyaweka chini. Hakuna mtu atayainua tena humu ndani. Chukua figili yako mwenyewe."

Yu-dam akasema, "Sasa huyo amekuwa Mkorea," akaendelea kukata mayai. Mimi niliganda pale jikoni na kisu mkononi. Alisema yote hayo kwa haraka, kwa hasira ya kirafiki, na mwishoni mwa sentensi hakukuwa na mkia wowote wa panya.

Sitaki nikudanganye kwamba kila kitu ni asali. Hisabati inamtesa, na usingizi ni mchache kama kwa watoto wote wa shule za hapa. Anaukumbuka mkate wenu mweusi, anamkumbuka mama yake, na kuna siku anachoka kuangaliwa kwenye basi. Ulimi wake bado unachanganya. Juzi alimwinulia maneno Da-on na kumshushia mwalimu mkuu, na bahati nzuri mwalimu mkuu ana wajukuu. Lakini bomba la bafuni siku hizi linafunguliwa kwa kuoga tu. Mimi niliyeachia shule njiani sina vipimo vingine vya kumpima mtoto. Hicho ndicho nilicho nacho, nami nakiamini.

Kwa hiyo ile tiketi, usiikate. Nilimwuliza jana kwa mzunguko kama ana hamu ya kurudi Julai. Akanitazama kama nimemwuliza kama anataka kunyolewa. Akasema Julai wana mpango wa kwenda ziwani na mama Ye-rin, na Agosti kuna siku ya kuzaliwa ya Yu-dam, na Septemba itakuwaje wakati wa sikukuu ya mavuno, Chuseok, sisi tukasokote vitumbua vya mchele bila yeye. Nikasema, aa, nilikuwa nauliza tu.

Na wewe usijilaumu tena. Hata kama ulimleta kwa ajili yako, amekaa kwa ajili yake.

Mwanzoni mwa mwezi huu, tulipokwenda kusafisha kaburi la wazazi, tulimchukua. Aliinama vizuri kuliko mimi. Baadaye alikuwa anang'oa magugu, akaniuliza tulikuwa tunaongea vipi na baba. Nikamwambia tuliongea kwa maneno ya chini, tangu tunatambaa mpaka siku alipotuacha, na alikuwa baba wa kuogopwa kweli, wewe unajua. Akashangaa. Nikamwambia, mgeni unamwinulia, bosi unamwinulia, lakini baba aliyekubeba mgongoni utamwinuliaje? Akaendelea kung'oa magugu. Nilidhani amelisahau.

Mama mkwe anakusalimu na anasema uongeze nguo. Do-hyeon anakusalimu, anauliza kama kweli huko watu huruka ziwani wakitoka kwenye mvuke, au ulikuwa unamtania. Da-on anamsalimu Shangazi Riikka, yaani amepiga busu kwenye karatasi hii, ndilo hilo doa la chokoleti hapo juu. Mpe wifi salamu zangu za upendo, mwambie binti yake ameongezeka kilo na mimi najivunia kila gramu. Mungu awalinde safarini na nyumbani, awape afya na msimu wa joto mrefu.

Limebaki jambo moja, nimelificha mpaka hapa makusudi. Jumanne usiku aliniuliza, akiwa amenipa mgongo anakunja nguo, "Shangazi, mtu ambaye hakukubeba mgongoni, lakini alikufundisha maneno yote, huyo naye anaweza kuwekewa maneno chini?"

Nikamwambia anaweza, kama moyo wake unataka, na kwamba huyo mtu hatakasirika. Nilikosea, Kaka?

Tangu siku ile namsikia chumbani akifanya mazoezi. Ni neno moja tu. Siyo baba lile la heshima, la kwenye vitabu. Ni lile fupi ambalo Da-on analipaza Do-hyeon akifungua mlango: appa. Analisema, ananyamaza, analisema tena, kama mtu anayejaribu kiatu.

Jumapili atakupigia simu kama kawaida. Usishtuke, na usimwambie kwamba nimekuambia. Na wewe mwalimu, nakuomba, usimsahihishe. Mjibu tu, kwa maneno ya chini.

Ni mimi mdogo wako, niliyekupenda hata ulipokuwa unanimalizia nyama,

Bo-ram